Daktari Aliyelipwa kwa Baba Yetu

Jumapili ya 30 ya Mwaka, Mwaka B
Injili: Marko 10:46-52





Injili ya leo inatupeleka Yeriko. Kando ya njia ameketi kipofu mwombaji, jina lake Bartimayo, mwana wa Timayo. Anasikia kishindo cha watu wengi, anaambiwa kwamba Yesu wa Nazareti anapita, naye anaanza kupaza sauti akiomba kuhurumiwa. Hapo tunasikia jambo la kusikitisha: watu wengi wanamkemea, wanamtaka anyamaze. Tujiulize, watu hao ni akina nani? Si wapagani, wala si maadui wa Yesu. Ni watu walioandamana naye. Kwa miguu yao walikuwa karibu sana na Bwana, lakini mtu aliyeketi hatua chache kutoka kwao hawakumwona, isipokuwa kama kelele ya kunyamazishwa. Siku ile njiani Yeriko vipofu walikuwa wengi. Bartimayo peke yake ndiye aliyejua kwamba haoni.

Yesu alisimama. Kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Haja ya kipofu yule ilikuwa wazi mbele ya kila mtu, hata hivyo Bwana alimwuliza, kwa maana alimheshimu. Hakumtendea kama mzigo uliotupwa barabarani, bali kama mtu mwenye jina, mwenye sauti, na mwenye neno lake la kusema.

Wapendwa, leo napenda tukumbuke maisha ya mtu mmoja aliyefuata mfano huo wa Bwana kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa daktari wa macho, mume wa mke mmoja, na baba wa watoto 13. Jina lake ni László Batthyány-Strattmann, mtu wa Hungaria. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 23 Machi 2003, na Kanisa humkumbuka kila tarehe 22 Januari. Jina la ukoo wake ni zito kwa ndimi zetu. Basi tumwite tu László, jina ambalo kwa Kilatini ni Ladislaus.

László alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1870 katika kijiji cha Dunakiliti, Hungaria, kando ya mto Danube. Ukoo wake ulikuwa miongoni mwa koo kubwa za nchi ile, wenye mashamba mapana, makasri na watumishi. Lakini mali haimzuii mtoto kulia. Alipokuwa na umri wa miaka 12, mama yake alifariki. Wale kati yenu mliobaki yatima mkiwa wadogo mnajua, bila mimi kueleza, maana ya nyumba kubwa ambamo sauti ya mama haisikiki tena.

Alipokua, alitazamiwa kusimamia mashamba ya ukoo, akapelekwa Vienna kusoma kilimo. Alionja masomo mengine mengi pia: kemia, fizikia, falsafa, fasihi na muziki. Mwishowe, mwaka 1896, akiwa karibu na umri wa miaka 26, akaanza masomo ya udaktari, akayamaliza mwaka 1900. Vijana mnaonisikiliza, mliohangaika kutafuta wito wenu na kudhani mmechelewa, liangalieni jambo hili. Mtu huyu hakuijua njia yake kwa siku moja. Naye alipoanza udaktari hakuwa na njaa iliyomsukuma kutafuta mshahara. Angeweza kukaa kasrini mwake, akala, akawinda, akazeeka. Alichagua kushika vidonda vya watu.

Tarehe 10 Novemba 1898, akiwa bado mwanafunzi, alifunga ndoa na Maria Theresia Coreth, mwanamke mchaji wa Mungu. Mungu akawajalia watoto 13. Mwaka 1902 László alifungua hospitali huko Kittsee, kijiji ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Hungaria na leo kimo katika Austria. Ilikuwa hospitali ndogo ya vitanda 25. Mwanzoni alitibu maradhi ya kila namna, kisha akajifunza zaidi upasuaji, na hatimaye akawa bingwa wa macho. Vilipokuja Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914 hadi 1918, aliipanua hospitali ile ikafikia vitanda 120, ili kuwapokea askari waliojeruhiwa.

Mwaka 1915 alirithi kutoka kwa ndugu wa ukoo wake kasri la Körmend, pamoja na cheo cha juu cha ukoo na jina la Strattmann. Mwaka 1920 alihamia huko na familia yake. Watu wa ulimwengu wangedhani kwamba sasa, akiwa na kasri na cheo, atapumzika. Yeye alichukua upande mmoja wa kasri lile akaugeuza kuwa hospitali ya macho. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wakubwa vikalaza wakulima, vibarua na wajane. Sifa zake zilienea hata nje ya nchi, na watu wakampa jina linalopita vyeo vyote alivyorithi: daktari wa maskini.

Na sasa, wapendwa, tufike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Maskini aliyekuja kwa László hakudaiwa fedha, si ya matibabu, wala ya kitanda, wala ya dawa. Mara nyingi alirudi kwao na msaada wa fedha juu yake. Lakini László hakumwachia aondoke bila kulipa. Alimdai malipo, nayo malipo yalikuwa haya: amsalie daktari wake Baba Yetu moja.

Tusilipite jambo hili haraka. Kwa nini Baba Yetu?

Kwanza, kwa sababu maskini naye ana heshima yake. Ndugu zangu, kuomba ni kazi inayochosha roho. Mtu anayepokea kila siku bila kutoa chochote huanza kujiona si mtu. László alimpa mgonjwa wake nafasi ya kulipa deni, na kulilipa lote, kwa fedha ambayo hata mtu asiye na senti tano anayo. Mama mzee aliyeingia akiongozwa kwa mkono alitoka akiwa amelipa kama walivyolipa matajiri, na pengine zaidi.

Pili, kwa sababu katika sala hiyo hatusemi Baba yangu, bali Baba yetu. Hebu fikirini: bwana wa kasri na kibarua wa shambani wanasema maneno yale yale. Hapo hakuna tena bwana wala kibarua. Wapo watoto wawili wa nyumba moja.

Tatu, kwa sababu László alijijua kuwa ni mhitaji. Kabla ya kupasua alisali pamoja na mgonjwa wake, akiomba baraka ya Mungu. Alisadiki kwamba yeye anaongoza kisu tu, na kwamba uponyaji ni zawadi ya Mungu. Mtu anayesadiki hivyo hawezi kujivuna mbele ya mgonjwa, wala hawezi kumkaripia. Na mgonjwa alipoondoka alipewa picha takatifu pamoja na kijitabu cha mafundisho ya roho, chenye jina linalomtaka msomaji afungue macho yake na kuona. Kwa maana daktari huyu alijua kwamba jicho linaweza kupona na moyo ukabaki gizani.

Nisieleweke vibaya. Wauguzi na madaktari mnaonisikiliza, simaanishi kwamba mfanye kazi bila mshahara. László alikuwa na mashamba. Ninyi mna kodi ya nyumba na karo za watoto, na mfanyakazi astahili ujira wake. Lakini heshima haihitaji mashamba. Kumwita mgonjwa kwa jina lake, kumjibu mama mzee kwa upole anapouliza mara ya pili, kukataa ile fedha ya kificho inayodaiwa kabla mgonjwa hajahudumiwa, hayo yote yanawezekana hata kwa mwenye mshahara mdogo.

Labda mtauliza: László alijifunza wapi kuona hivyo? Na aliwezaje kudumu hivyo kwa karibu miaka 30 bila kuchoka? Jibu tutalipata tukiingia nyumbani kwake.

Familia yake ilihudhuria Misa Takatifu kila siku. Baada ya Misa, baba mwenyewe aliwafundisha watoto wake katekisimu kwa muda mfupi. Kisha akampa kila mtoto kazi moja ya upendo ya kutenda siku hiyo. Sikilizeni vizuri: hakuwaambia tu kwamba wawe watoto wema. Maneno hayo sisi sote tunayasema, na watoto wetu hawajui waanzie wapi. Yeye alimpa kila mmoja tendo lake. Na jioni, familia ilipokusanyika kusali Rozari, waliitazama siku iliyopita, na kila mtoto alieleza kama tendo lake limetimizwa.

Mnaona, wapendwa? Hospitali na nyumba havikuwa vitu viwili. Asubuhi baba aliwatuma watoto wake kutenda wema, kisha yeye mwenyewe akaenda hospitalini kutenda wa kwake. Mtu hawezi kuwa na macho ya huruma kazini na macho ya ukali nyumbani. Moja litashinda jingine. Tunawajua watu wanaosifiwa sana ofisini na parokiani, lakini gari lao likisikika mlangoni watoto hutawanyika. Inasemekana ya László kwamba hata watu wa nyumbani kwake walimhesabu kuwa mtakatifu. Huo, ndugu zangu, ndio ushuhuda mgumu kuupata. Mgeni anakuona saa moja, lakini mke na watoto wanakuona miaka yote.

Wala nyumba hiyo haikuepushwa na msalaba. Mwaka 1921 mtoto wao wa kwanza wa kiume, Ödön, kijana wa miaka 21, alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Fikirini uchungu wa baba huyo. Ametibu watoto wa watu wengi. Wanawe maskini wamerudi makwao wakiona. Na sasa kijana wake mwenyewe amelala, naye hana la kufanya. Yale aliyosadiki kabla ya kila upasuaji, kwamba uponyaji ni zawadi ya Mungu, sasa alipaswa kuyasadiki huku analia. Ni rahisi kusema kwamba daktari ni chombo tu pale mgonjwa anapopona. László aliendelea kulisema hata baada ya kumzika mwanawe. Alirudi hospitalini, akaendelea kufungua macho ya watoto wa wengine.

Alipokaribia umri wa miaka 60, akapatikana na saratani ya kibofu. Alilazwa Vienna, mji ule ule alikosomea udaktari. Daktari akawa mgonjwa, kwa miezi 14, katika maumivu makali. Aliyewaombea wengine sasa aliombewa. Tarehe 22 Januari 1931 alifariki dunia, akazikwa Güssing katika kaburi la ukoo wake. Nami huwaza hivi: mbele ya Mungu alifika akiwa na akiba gani? Cheo kilibaki Körmend. Lakini zile Baba Yetu, elfu kwa elfu, zilizosaliwa kwa miaka mingi na wajane na vibarua katika vijiji vya Hungaria na Austria, hizo zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Wapendwa wasikilizaji, ningeweza kumalizia hapa. Lakini sistahili kuwaeleza habari za daktari huyu nikanyamazia habari zangu.

Miaka iliyopita, katika kigango kimoja nilichokihudumia, alikuwapo bibi mzee kipofu. Kila nilipofika kusoma Misa nilimkuta amekaa chini ya dirisha, upande wa kushoto, akiwa na mjukuu wake wa kike aliyemwongoza kwa fimbo: bibi ameshika ncha moja, mtoto ncha nyingine. Nilimpa Komunyo Takatifu, nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia Mungu yupo, nikapanda gari. Nilifanya hivyo kwa muda wa miaka minne. Nilijiona padre mwema.

Siku moja nilifuatana na muuguzi mmoja aliyekuja kuwatembelea wagonjwa. Baada ya Misa alimwinua bibi yule kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama macho. Kisha akanigeukia akasema: "Padre, huyu si wa kuongozwa kwa fimbo. Huyu ana mtoto wa jicho. Anapasuliwa, anaona." Mtoto wa jicho, kama wengi mnavyojua, ni ukungu unaoziba kioo kilicho ndani ya jicho, nao ndio unaopofusha watu wengi kuliko maradhi mengine yote ya macho duniani. Katika hospitali yenye daktari wa macho, upasuaji wake si kazi ya siku nzima.

Tulichanga nauli. Bibi alikwenda, akapasuliwa, akarudi. Nilikuwapo alipoteremka. Alimshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe umefanana na baba yako." Baba huyo alikuwa amekwisha kufariki. Watu walishangilia na kupiga vigelegele. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kwa maana nilipouliza habari za mtoto, niliambiwa kwamba aliacha shule akiwa darasa la pili, ili amwongoze bibi yake. Alirudishwa shuleni, akakaa dawati moja na watoto aliowazidi kimo. Miaka minne yake haikurudi. Nilikuwa nimemtazama bibi yule kila mwezi, na mtoto aliyeshika fimbo sikumwona hata mara moja.

Ndugu zangu, sala yangu juu ya bibi yule haikuwa ya uongo. Lakini nilimwombea kama wale watu wa Yeriko walioandamana na Yesu: nilimpita. Sikumwuliza swali ambalo Bwana alimwuliza Bartimayo. Kama ningemwuliza, "Bibi, unataka nikufanyie nini?" pengine angenijibu, "Padre, nataka mtoto huyu aende shule," na siku ile ile tungeanza kutafuta njia.

Basi leo nawaomba jambo moja tu, na nawaomba nyumba kwa nyumba. Akina baba na akina mama, kesho asubuhi, kabla watoto hawajatoka, mpeni kila mmoja tendo lake la upendo. Liwe dogo, lakini liwe na jina la mtu na mahali: mpelekee bibi fulani maji, mwandikie jirani barua yake kwa mwanawe, kaa na mwenzako ambaye hachezi na wengine. Nanyi wazazi jitwalieni lenu. Jioni, baada ya sala, ulizaneni. Asiyetimiza asipigwe wala asidhihakiwe. Aseme tu, na kesho apewe jingine. Makatekista, fanyeni vivyo hivyo na watoto wenu wa mafundisho. Katekisimu isiyo na tendo la jioni hukaa kichwani siku ya mtihani, kisha huruka.

Na katika jumuiya zenu ndogo ndogo, tazameni upande wa kushoto, chini ya dirisha. Yupo nani pale ambaye mmemzoea kiasi cha kutomwona? Muulizeni anataka nini. Msimjibu kabla hajasema. Na mkimsaidia, msimwache aende kama mwombaji. Mdaini malipo. Mwambieni awasalie Baba Yetu moja, kwa maana sisi nasi ni wagonjwa.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyesimama njiani Yeriko kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja, utufungue macho. Uwabariki madaktari na wauguzi wote, hasa wanaofanya kazi usiku wa leo katika zahanati za mbali. Uzibariki familia zetu, ziwe shule za huruma. Uwafariji wazazi waliowazika watoto wao. Na kwa maombezi ya Mwenye Heri László, utujalie kumwona leo yule tuliyempita jana. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Nawatakia Jumapili njema. Nami, kabla hamjazima redio, nadai malipo yangu: nisalieni Baba Yetu moja.